Kikombe Nilichokataa Siku ya Kumzika Baba Numbi

Waliokuwepo makaburini siku ile wanajua, na ambao hawakuwepo walisimuliwa sokoni kabla mimi mwenyewe sijafika nyumbani, kwa hiyo sina la kuficha: mimi ndiye yule mjane aliyemvua wifi yake kikwembe, kitenge cha kiunoni, mbele ya sanduku la mume wake.

Nianze mbali kidogo. Wakati ule wa Zaire tulikaa karibu na gare, kituo cha treni, kwa sababu Baba Numbi, mume wangu, alifanya kazi ya reli. Siku moja nilianguka bombani, ndoo ikanimwagikia, akanipeleka dispanseri. Munganga, daktari wa pale, akanifunga mkono na kipimo chake, akasema damu yangu ina nguvu ndogo ya kusukuma, kwa hiyo nikisimama ghafla, au nikisimama muda mrefu juani, haifiki vizuri kichwani. Akaniambia ninywe maji mengi, nisikae na njaa, na kwangu mimi chumvi kidogo kwenye uji itasaidia (akanikataza kumpa shauri hilo jirani mwenye tansio ya juu, yaani presha, huyo chumvi ingemdhuru). Na macho yakianza kuona giza, nikae chini palepale, hata kama ni kanisani.

“Haitakuua leo, mama,” akasema, “lakini itakuangusha fasi mubaya.”

Baba Numbi ndiye aliyeyashika maneno hayo kuliko mimi. Kila asubuhi aliniwekea mkono begani nikitaka kutoka kitandani, akisema, “Kaa kwanza,” kisha ananipa maji. Mimi nilizoea kukumbushwa, sikujifunza kujikumbusha.

Ndipo homa ikamchukua.

Kwetu mjane hukaa chini kwenye mkeka, hachani nywele, na hali kitu mpaka mume azikwe. Pia kwetu mume akifa, macho ya ndugu zake humwangalia mke kwanza. Dada yake, Mama Kalenga, alifika kutoka Kabongo na treni, mwanamke mnene mwenye mdomo mkali, ambaye tangu nilipoolewa alikuwa akiniita “kale kakonda ka kaka yangu”. Nilimwogopa kuliko kaburi lenyewe.

Asubuhi ya mazishi akanivuta nyuma ya jikoni, akatoa kikombe cha uji chini ya kikwembe chake.

“Kunywa, Mama Numbi. Niliweka chumvi.”

Nikamjibu, “Minyi sikule, Mama. Bantu batasema nini?”

“Bantu njo batakubeba ukianguka?”

Nikatazama kile kikombe, nikafikiri: huyu ananitega. Nikinywa, atatoka kwenda kuwaambia wazee kwamba mke anakula na mume bado yuko ndani ya nyumba. Nikakisukuma. Akaumwaga uji kwenye majani, akaondoka. Uamuzi mdogo tu, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Tukaenda makaburini kwa miguu. Jua lilikuwa kali, katekista akasali sala zote anazozijua, na alipomaliza tukadhani ni wakati wa kushusha sanduku, kumbe mkubwa wa chama cha serikali mtaani kwetu naye alikuwa na hotuba, akaanza kueleza jinsi sitwayeni marehemu, yaani raia, kama chama kilivyotaka tuitane, alivyoimba vizuri kwenye sherehe za chama (Baba Numbi hakuwahi kuimba, alikuwa akifungua mdomo tu, lakini nani angemkatiza). Mimi nilisimama mbele kabisa, nikingoja kutupa udongo wa kwanza, maana mke ndiye anayeutupa, njo kwaheri yake. Nilikuwa nimekwisha uchukua, nimeufumba mkononi.

Masikio yakaanza kuvuma. Nikapiga miayo. Jasho la baridi likanishuka mgongoni, na sauti ya yule mkubwa ikaenda mbali. Nilijua ni nini! Nilijua kabisa, na ingetosha kukaa chini. Lakini nikaona aibu kukaa wakati mume wangu anasifiwa, nikasema moyoni, vumilia, anamaliza sasa hivi. Hakumaliza. Nikatafuta kitu cha kushika, na kilichokuwa karibu kilikuwa kiuno cha Mama Kalenga.

Nilienda chini na kikwembe chake. Wanasema alibaki na kisketi cha ndani, kifupi, mbele ya katekista, mbele ya mkubwa wa chama, ambaye ndipo alipopata kunyamaza. Wengine wakaanza kunong’ona kwamba maiti amemwonyesha aliyemuua, yaani mimi. Wakanibeba mpaka barabarani, na wakazika bila mimi, kwa sababu jua halingoji.

Nilipofumbua macho, Mama Kalenga alikuwa ameketi nami chini, ameiinua miguu yangu kwenye mapaja yake, kikwembe amekifunga vibaya. Aliwaambia wazee waziwazi kwamba hakuna uchawi, ni damu tu ya chini, na kwamba kaka yake alimwandikia zamani, akamwomba anitunze siku asipokuwepo.

“Alisema usisahau chumvi,” akaniambia. “Weye ulitaka kunizika bila nguo.”

Nikalia, na yeye akalia, na katikati tukacheka kidogo.

Wiki kadhaa baadaye, siku ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga, alinipeleka kaburini. Kwanza akaninywesha uji, akaniwekea mkono begani nilipotaka kuinuka. Nikatupa udongo wangu. Siku ile ya mazishi udongo wa wengine ulisikika ukigonga sanduku. Wangu ulianguka juu ya majani yaliyokwisha ota, haukutoa sauti.

Sasa macho yakiona giza ninakaa chini, hata sokoni, hata kanisani wakati wa injili, wacheke wanaocheka. Na mtu akinipa kikombe, ninakipokea.