Shimo la Samadi Kule Bangwe

Miaka ile wakimbizi walikuwa wanaingia kila siku, wengine kwa miguu, wengine kwa boti zilizopitia Mwamgongo zikiwa zimejaa watu na magodoro. Wetu sisi alishuka Bangwe na mtamba. Masufuria aliyaacha Burundi, nguo aliziacha, ng'ombe akaja naye. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama yangu hakucheka. Bustani yake ya lengalenga, mchicha wa kwetu, ilikuwa bondeni, kando ya kijito kinachoingia ziwani, na udongo wake ulikuwa umechoka. Alipomwona yule mnyama, aliona kinyesi kwanza.

Walipatana palepale. Mgeni apewe chumba cha uani na matuta ya kulima, ng'ombe alale kwetu, samadi iwe yao wote wawili. Sisi watoto tuliambiwa tumwite mama mdogo. Kila asubuhi alikusanya kinyesi kwa mikono mitupu huku akiongea na ng'ombe kwa Kirundi, nasi tukiziba pua.

"Chekeni tu," alituambia. "Baba yangu alipokwenda kuangalia nyumba ya mume wangu, alianza na lundo la ifumbire, samadi hiihii. Aliporidhika ndipo akaingia ndani."

Kambini hakutaka hata kupasikia. Mume wake alikuwa amebaki nyuma, na waliagana kwamba atamkuta Bangwe, wanakoshukia watu wa boti. "Nikienda kambini atanitafuta wapi?" aliuliza.

Kisha kipindupindu kikaingia. Bwana afya alipita na kipaza sauti akitangaza kwamba ni marufuku kuweka samadi mbichi kwenye mboga za bondeni. Lundo lisikae karibu na kijito wala kisima. Samadi ichimbiwe shimo mbali na maji, ifunikwe kwa nyasi, isiguswe mpaka ipoe kabisa. Ilikuwa amri nzuri, kwa sababu maji yale tulikuwa tunayanywa wote. Lakini mtaa wetu ulisikia ulichotaka, kwamba ugonjwa umeletwa na ng'ombe wa mkimbizi. Watu walewale waliokuwa wakija na makarai kumwomba samadi walianza kupita upande wa pili wa njia wakimwona. Tena wengine, kwa kuogopa kukutwa na lundo la samadi ya mbuzi wao, walilibeba lote wakalimwaga ziwani, na jioni wakachota maji ya kunywa palepale. Usafi wa Bangwe huo.

Mama na mama mdogo walifuata amri neno kwa neno. Walichimba shimo juu ya mteremko, wakahamisha lundo lote karai kwa karai, wakalifunika kwa nyasi na majani ya migomba. Katikati walichomeka kijiti kirefu. Mama mdogo alikuwa akikichomoa, anakishika kwa kiganja, anatikisa kichwa. "Bado kina moto," anasema, anakirudisha.

Mama alimwendea balozi wetu wa nyumba kumi. "Shikamoo, mzee. Njoo uone shimo kwa macho yako." Mzee alikuja, akaona, akakubali kwamba hakuna kosa. "Lakini watu wanalalamika, mama. Mimi nifanyeje?" Baada ya hapo lori lilikuja kuwachukua wakimbizi waliokuwa wakiishi mitaani. Ng'ombe hakuruhusiwa kupanda. Mama mdogo alimkabidhi mama kamba.

"Mume wangu akija, mwambieni niko kambini. Na samadi msiiguse. Bado ina moto."

Nililia mpaka nikatapika. Niliuchukia mtaa mzima, na bado nauchukia kidogo, ingawa nimeolewa humohumo.

Mvua zilipokaribia, mwanamke mmoja aliyetoka kambini alituletea habari. Mama mdogo alikufa kwa kipindupindu. Kwetu hakuwahi kuumwa hata tumbo; ugonjwa aliosingiziwa kuuleta aliupata kule walikompeleka. Mama alikaa chini katikati ya matuta akalia kama mtoto. Sijawahi kumwona hivyo tena, hata alipofiwa na baba yangu.

Bwana afya alirudi kukagua. Alichomoa kijiti, akakishika, akachukua konzi ya samadi akainusa. Ilikuwa nyeusi, imepoa, haina harufu. Akawaita majirani waje wajifunze kwa mama.

"Mwenye shimo mlimpakia kwenye lori," mama alimwambia. "Samadi mliipa muda. Yeye hamkumpa."

Yule baba wa watu aliinamisha kichwa. Si yeye aliyemfukuza, na nadhani mama alijua hivyo, ila alihitaji mtu wa kumwambia.

Tuliitia samadi kwenye matuta yote, ya kwetu na ya kwake. Lengalenga ya msimu ule ilikuwa na majani mapana ajabu.

Mboga zikiwa bado bustanini, boti moja ilishusha mwanamume mwembamba. Aliuliza pale ufukweni habari za mwanamke mwenye ng'ombe, akaelekezwa moja kwa moja kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa uani. Kabla sijamwamkia alimwita ng'ombe, na ng'ombe akamwendea akiburuta kamba. Yule mtu alicheka kwa sauti, akamkumbatia shingo. Kisha akageukia mlango wa chumba cha uani, akaliita jina la mkewe.

Mama alikuwa anapanda kutoka bondeni, mikono imejaa udongo. Kabla hajatufikia, yule mtu akaita tena.