Nilienda kuigiza mlevi kando ya ziwa bila kumwambia bibi yangu

Wakuu, salamu kwenu wote. Hii nawapea vile ilitokea. Sina haja ya kuongeza chumvi, aibu yenyewe ilitosha.

Mimi ni fundi wa viti hapa Manyatta, majirani wananiita Baba Apiyo. Customer wangu mmoja, director wa kikundi cha maigizo, alinisikia nikibishana na watu kwa workshop akasema, "Mzee, hiyo sauti inapotea bure hapa."

Nikaanza kwenda mazoezi kisirisiri.

Kwa nini kisirisiri? Bibi yangu, Mama Apiyo, ni kiongozi wa kina mama kanisani, na mimi nimepewa role ya mlevi.

Show ilikuwa Jumamosi alasiri, kwa theatre ya wazi kando ya ziwa. Nikamwambia Mama Apiyo naenda Kombewa, mjomba amelazwa hospitali ya huko. Akanifungia mpaka ndizi za mgonjwa. Tulizimaliza na actors wenzangu, Mungu anisamehe.

Sasa hiyo theatre, kama hujafika, fika. Ngazi za mawe zinashuka nusu duara mpaka karibu na maji. Stage haina ukuta nyuma, ni ziwa tu na ndege weupe wakipita. Upepo ukivuma usipopiga kelele, watu wa juu hawasikii kitu.

Nikaingia nikiyumba, kofia imefunika uso, chai ya rangi kwa chupa. Watu wakacheka. Nikasikia utamu, nikaongeza madoido.

Mke wa kwenye mchezo akaniuliza nimetoka wapi.

Line ikapotea. Kichwa tupu kabisa. Kitu ya kwanza kufika mdomoni nikaitoa kwa nguvu: "Nimetoka Kombewa kuona mjomba hospitali!"

Halafu sauti kutoka juu kabisa: "Na ndizi alikula?"

Wuololo! Mama Apiyo amesimama, amezungukwa na kina mama wa kanisa. Kumbe hiyo ndiyo outing yao ya mwaka, na mimi nilikuwa sisikilizangi akiniambia mambo ya outing.

Akashuka ngazi polepole. Watu wanadhani ni mchezo, wanapiga makofi. Nyuma yangu ni maji, na kuogelea sijui.

Nikapiga magoti, na hiyo haikuwa acting. "Nisamehe. Niliogopa utanikataza."

"Kwani mimi ni askari? Nimecheka huko juu mpaka machozi, kabla nijue ni wewe."

Akageukia watu. "Huyu ni wangu. Mlevi si yeye. Lakini mwongo, ni yeye!"

Ngazi zote zikasimama. Hata pastor wao alikuwa anafuta macho.

Director hakungoja. Hapo hapo akampea role ya mke wa mlevi kwa show zinazofuata. Role yangu ya mlevi nayo ikatafutiwa mtu anayekumbuka lines.

Saa hii nakaa pembeni na karatasi, nimsomee Mama Apiyo lines akisahau. Hajawahi sahau.

Funzo: kama lazima udanganye bibi, usisimame mahali hakuna mlango wa nyuma. Ama mwambie tu ukweli, pengine anakushinda talent.

Wenye mmewahi shikwa live mbele ya watu, ongeeni. Nisicheke peke yangu.