Kijivu Kinachotetemeka

Dada aliyepaka rangi katuni zetu, hapa studio ya Seoul, alikuwa na kawaida ya kusugua viganja mpaka vipate joto, kisha kuvifunika machoni kabla ya kurudi kwenye kalamu yake ya kompyuta. Alianza hivyo tangu kompyuta yake ilipobadilishwa. Skrini ilikuwa ileile ya zamani. Kilichokuwa kipya ni kadi ya picha ndani ya kompyuta, kile kipande kinachoipa skrini rangi zake, na programu ya kuiendesha. Daktari wa macho hakuona tatizo. Mchana alikula kimbap, wali uliozungushiwa mwani, amefumba macho, akiipapasa kwa vijiti.

Siku moja alimwita Mkurugenzi Pyo, akairekodi skrini kwa simu, kisha akamwonyesha video ile kwa mwendo wa polepole. Kijivu ambacho sote tulikiona kimetulia kilikuwa kinatetemeka.

“Kadi hii haitoi kijivu hiki,” alisema kwa sauti yake ya chini. “Inabadilisha rangi mbili harakaharaka ili tudhani ni moja. Macho yangu hayawezi, Mkurugenzi. Nirudishie ile ya zamani.”

“Ilishatupwa. Na mbona wenzako wenye kadi kama hii hawalalamiki?”

Alitutazama mmoja mmoja. Kila mmoja wetu aliinamia skrini yake.

“Basi mna bahati,” alisema. Akamalizia ukurasa aliokuwa akiupaka, akaosha kikombe chake, akaondoka nacho, asirudi tena.

Juzi nilimwandikia ujumbe kumjulia hali. Alinipigia.

“Seulgi, mdogo wangu, ukinitaka nipigie tu. Siku hizi hata maandishi ya simu yananishinda.”