Kisanduku cha Juu ya Gari la Mkate

Raisa Kolibaba anapeleka mkate Vyshneva Kosa, kijiji cha kando ya mto Dnipro kilichobakiwa na watu kumi na mmoja. Mmoja ni mama yake, Vasylyna. Kabla ya vita Raisa alikuwa anauza magauni ya harusi mjini Kherson. Sasa anaendesha kigari cheupe chenye kisanduku juu ya paa. Kazi ya kisanduku ni kuvuruga mawimbi, droni ya adui impoteze anayeiongoza, ianguke. Ndivyo alivyoambiwa. Mimi jirani yake nimemuuliza mara ishirini kama kweli kinafanya kazi. Hajui. Na mimi sijui. Anayejifanya anajua, muulize tena kesho.

Alhamisi nilipanda naye, nyuma kukiwa na mikate ya vijiji viwili. Mama yake alikuwa ameishiwa vidonge vya presha tangu Jumatatu. Tulianzia kwa Panas, fundi wa visanduku.

"Kiwashe ukifika kwenye nyavu, siyo hapa," alisema Panas.

"Wiki jana ulisema nikiwashe hapa hapa!"

"Wiki jana walikuwa wanarusha kwa mawimbi mengine, dada."

"Na leo?"

"Kwani mimi droni?"

Tukaondoka. Sehemu kubwa ya barabara imefunikwa juu kwa nyavu za wavuvi, zinase droni. Raisa akawasha. Papo hapo kengele ya mfukoni, ile inayolia droni ikikaribia, ikaanza kupiga kelele. Akazima kisanduku, kengele kimya. Akawasha, kelele. Kumbe inakisikia kisanduku chetu wenyewe! Sasa kukiwa na droni kweli utajuaje? Na ukizima ujue, nani atakukinga? Simu yangu nayo ilishavurugwa, ramani inasema tuko Peru.

"Raisa, tuko Peru."

"Waulize kama wanataka mkate."

Nyavu zilipoisha akakanyaga breki. Uzi mwembamba wa kioo ulikuwa umelala barabarani. Kuna droni zinazoburuta uzi huo na kuongozwa nao, hazitumii mawimbi kabisa, kwa hiyo kisanduku hakina cha kuvuruga. Huku watu wanaupapasa: wenye umande ni wa jana, mkavu ni wa leo, geuza gari.

Raisa akachuchumaa, akapapasa.

"Una umande."

Nikapapasa upande wangu. "Huku mkavu."

"Acha utani wewe."

"Njoo ushike!"

Akashika. Mkavu. Tukatazamana kama wajinga wawili. Nikamwambia turudi. Akasema mama ana siku tatu bila dawa, kisha akazima kisanduku na kengele, akashusha vioo, akatoa kichwa nje na kuendesha kwa masikio. Kila mita mia anazima injini tusikilize. Mimi nilisikia moyo wangu tu. Yeye alisikia nini, sijui.

Tulifika. Vasylyna alikuwa getini, mikono kiunoni.

"Unaendesha kichwa nje kama mbwa?"

"Meza kwanza, mama."

Bibi akameza viwili, halafu akachungulia mfuko wa vidonge.

"Mbona vingi hivi? Siku zote unaleta vya wiki."

"Vya miezi mitatu."

"Kwa hiyo huji tena?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini sasa?"

Raisa akafungua mlango wa nyuma, akaanza kushusha mikate. Akashusha yote, hata ile ya kijiji cha pili.