Mjane Aliyekataa Shanga

Nyumba za kijiji cha Kalaba, kule mtoni Naviundu, zilianza kugombewa mwaka 1951. Kijiji cha zamani kile, reli ilikikuta! Makarani wa Élisabethville waliokaribia kustaafu walijua nyumba ya kazi hurudi kwa mwenye kazi, basi kila Jumapili baada ya misa walikuja kugongagonga kuta na kuuliza bei. Ya Mwape waliitaka wote: matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati.

Udongo wa matofali hayo Mwape aliukanyaga mwenyewe, mimba tumboni. Lakini mumewe Kunda alipokufa, nyumba ikawa ya Anaclet, mtoto wa dada wa marehemu. Ndiyo desturi, na anayeisifu aisifu peke yake.

Ila desturi hiyohiyo ilimwachia mjane upenyo. Ukoo wa mume humfunga shanga nyeupe mkononi, kifo cha mumewe kilichomganda kimtoke, aende kwao. Kabla ya hapo hatolewi, na mnunuzi gani atathubutu kulala penye kifo? Mwape hakuwa na kwao. Ndugu zake walikwisha wote. Anaclet alipoleta shanga, Mwape alificha mikono kitengeni.

"Mama, leta mukono."

"Sileti! Ufunge mbuzi yako."

Miaka mitatu, jamani. Hakuna aliyeomba moto kwake wala aliyekula naye, na kanisani benchi lake lilibaki tupu huku na huku. Wanunuzi wanne walikuja, wakasikia habari, wakageuza baiskeli. Anaclet alikonda kwa hasira, naye Mwape akamcheka waziwazi. Upweke ulimuuma, lakini paa lilikuwa lake.

Kisha binti yake wa pekee, Adolphine, aliyekwisha kuzika watoto wawili, akajifungua msichana katika kambi ya wachimbaji. Mwape alikwenda mbio. Binti akamzuia mlangoni, machozi yakimtiririka.

"Mama, usiingie. Uko na kifo. Nitazika bangapi?"

Mwape hakubisha, maana naye aliamini hivyo. Kesho yake asubuhi alimfuata Anaclet, akanyoosha mkono.

"Funga."

Majirani walipiga vigelegele, wakala naye. Hata wiki haikuisha, karani mmoja akainunua nyumba, akaingiza kitanda chake, na Mwape akajitwika sufuria na mkeka, akaenda kambini.

Siku hiyo alimpakata mjukuu mpaka jua likapoa. Mtoto alikuwa mnono, akimshika kidole bila kukiachia, na Mwape alisikia raha ambayo hakuwa nayo tangu Kunda afe. Kisha king'ora cha kutoka kazini kikalia. Chumba kilikuwa kimoja, na mama mkwe halali chumba kimoja na mkwewe.

Adolphine alinyoosha mikono apokee mtoto.

"Bwana anakuja, mama. Utalala wapi?"

"Nyumbani," Mwape alijibu, akamrudishia mtoto.

Adolphine hakuuliza nyumba gani.