Hesabu ya Kiasi katika Tanuri la Biskuti

Siku ya kwanza kiwandani, fundi mkuu aliniuliza kama ninaweza kuvumilia moto.

"Nina wadogo watatu, bwana. Wazazi hawapo."

"Sijauliza ukoo. Nimeuliza moto."

Nilikuwa nimeacha shule mapema. Mimi na wadogo wangu tulipanga chumba kimoja mtaa wa Makongeni, na tanuri lile la biskuti ndilo lililotulisha tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. Kazi ilikuwa kutazama rangi ya biskuti zikipita kwenye mkanda, kisha kufungua au kufunga koki ya mafuta ili kuongeza au kupunguza moto. Mimi na mwenzangu Mutiso tulipokezana zamu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini meneja alimleta mwandishi wa programu za kompyuta, kijana mpole. Alieleza kwamba programu za kawaida hujua ndiyo na hapana tu: moto ni mkali au si mkali. Yake ilikubali katikati. Joto lile lile liliweza kuwa la wastani kidogo na kali kidogo, na koki ikafunguka kwa kadiri hiyo. Tuliiita hesabu ya kiasi, kwa sababu kila alipotuuliza kuhusu moto tulimjibu, "Kiasi."

"Kiasi huanzia wapi, kaka?" aliniuliza. "Na huishia wapi?"

Mutiso akanivuta kando. "Mpe uongo, bwana. Hiyo mashine ikijua, sisi tutaoka nini? Hewa?"

Sikutulia wiki nzima. Niliwaza karo ya Nduku, dada anayenifuata. Lakini biskuti zingeungua kwa uongo wangu, tena katika zamu yangu. Nikasema kweli: nikamwonyesha rangi ambapo kiasi huanza, na pale kinapoingiliana na kali.

Programu ikafanya kazi. Fundi mkuu akaniita.

"Tanuri sasa linataka mtu mmoja, na Mutiso alikutangulia hapa. Wewe nenda upakiaji."

Mshahara ukapungua. Nduku akaacha shule, akaenda Gikomba kuuza sweta za mitumba, ili wadogo wawili wamalize.

Nilipakia katoni hadi nilipostaafu. Vijana huniuliza kama nachukia kompyuta. Hapana. Hesabu ile ilikuwa nzuri, na ninyi mnaoandika programu endeleeni. Ila kabla hamjamwuliza mtu anavyofanya kazi yake, mwambieni atakuwa wapi akishamaliza kuwaeleza.

Siku hizi nashinda kibandani kwa Nduku. Nakunja sweta, nakunjua, nasimama.

"Kaka, keti basi," huniambia. "Wateja watadhani wewe ni askari wa kanjo aliyekuja kutufukuza."

Naketi. Sijawahi kumwuliza kama angetaka niseme uongo siku ile kiwandani.