Nusu ya Oda Iliyokwenda Bungoma

Kabla karakana ya Bungoma haijafunguliwa, kila sweta ya shule tuliyofuma Kitale ilipitia kwangu kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa mpangaji wa kazi. Oda ikija, naiingiza kwenye kompyuta, naichagulia mashine, uzi na siku ya kumalizika, kisha mafundi wanaanza. Mwenye karakana sote tulimwita Mama. Alikuwa mjane aliyeanza na mashine moja ya mkono kwenye veranda ya nyumba yake mtaani Tuwan, na mimi nilikuwa mtu wa kwanza kuajiriwa naye. Nilijua chai yake inavyotakiwa kuwa. Nilijua goti lipi humsumbua wakati wa mvua. Wageni wakija, alikuwa akinishika bega na kusema, "Huyu ni msichana wangu." Nilikuwa na watoto wawili tayari, lakini jina hilo sikulichoka.

Kazi ilipozidi, Mama akafungua karakana ya pili Bungoma, akaajiri mpangaji wa huko. Sikuwahi kumwona. Nilisikia tu kwamba ni mwanamke wa mjini pale, wa familia ya Kiislamu inayoishi karibu na msikiti, na kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha nguo. Sikuona shida. Bungoma ni Bungoma na Kitale ni Kitale.

Halafu ikaja oda ya sweta za kijani za shule moja ya upili iliyo kwenye barabara ya kwenda Suam. Shule ilizitaka kabla ya muhula kufunguliwa. Mama akaingia ofisini kwangu, hata hakuketi.

"Hii peke yetu hatutaimaliza," akasema. "Igawe katikati. Nusu ibaki hapa, nusu iende kwa msichana wangu wa Bungoma."

Niligeukia kompyuta haraka asinione uso.

Kugawa oda si jambo gumu. Unaifungua, unaiambia programu unataka vipande vingapi, na kila kipande kiwe na sweta ngapi. Oda ya kwanza inabaki juu, na chini yake zinatokea mbili zenye namba ileile, ila mkia tofauti. Sisi tuliiita ya juu mama, na zile za chini watoto. Kila mtoto ana mashine zake na tarehe yake, na akimalizika mstari wake unageuka buluu. Nilikuwa nimegawa oda mara nyingi kati ya mashine zangu mwenyewe, na sikuwahi kujali mtoto yupi anatangulia. Siku ile nilijali.

Asubuhi iliyofuata nilifungua kompyuta nikakuta yule wa Bungoma ameshaanza. Ameshaitisha uzi kutoka stoo kuu, ameshapanga mashine, na mimi bado nilikuwa navua koti. Kuanzia hapo nikawa na ugonjwa. Nafungua ukurasa wa oda ile, naangalia mstari wake, naufunga. Nampigia kelele fundi wangu kwa sababu sindano imekatika. Nafungua tena. Nilimpa yule mwanamke sura ambayo sikuijua: mrefu, kucha ndefu, anacheka akiongea na Mama kwenye simu. Kila simu ya Mama ikilia nilitega sikio. "Umemaliza mikono yote? Aki wewe mtoto!" Mama anasema, na mimi ninahesabu koni za uzi ambazo nilishazihesabu.

Mstari wake uligeuka buluu kwanza. Wangu ulifuata kesho yake.

Tukapeleka sweta. Siku chache baadaye mwalimu mkuu alipiga simu, akaomba niende nikajionee. Nilikuta sweta zimetandazwa kwenye meza za bwalo, na sikuhitaji kuelezwa. Zilikuwa kijani za aina mbili. Nusu zilikuwa zimekolea kama majani ya chai baada ya mvua, na nusu zilikuwa zimepauka kidogo, kama zimefuliwa tayari.

"Madam, watoto wakisimama paredi wataonekana kama shule mbili," mwalimu mkuu akasema. Akachukua moja iliyokolea. "Hii ndiyo rangi yetu. Si mngefanya zote hivi?"

Niligeuza kola nikasoma lebo. Bungoma.

Nilijua mara moja kilichotokea. Uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu moja halilingani na lingine hata kama jina la rangi ni lile lile. Stoo ilikuwa na masalio ya fungu la zamani, lile zuri. Yule mwanamke aliwahi kuitisha, akalichukua lote. Mimi niliyekuja nyuma yake nikapewa fungu jipya. Yaani alikula nyama, akaniachia mchuzi, na sasa watu walikuwa wanausifu upishi wake.

Nilimwambia Mama nataka kwenda Bungoma mwenyewe. Akafurahi. "Vizuri, mkajuane." Nikapanda pikapu ya kampuni, sweta mbili mapajani, moja ya kila rangi, na njia nzima nikawa napanga maneno. Yalikuwa maneno makali.

Hakuwa mrefu. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, amefunga mtandio wa kahawia, na vidole vyake vilikuwa na vumbi la uzi kama vyangu. Alinipokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu dada! Mama hunieleza habari zako kila siku. Ingia, ingia, kuna chai na chapati."

Hapo nikapoteza nusu ya maneno niliyoyaleta. Lakini nilibaki na nusu. Nikaweka zile sweta mbili mezani, bega kwa bega. Fundi mmoja wa pale akainama, akapiga mluzi. "Madam, hii langi si moja," akasema kwa lafudhi ya pale.

"Uzi wa fungu la zamani uliuchukua wote wewe," nikamwambia mwenye mtandio. "Mimi nikabaki na hili."

Alishika sweta yangu, akaipeleka dirishani, akarudi nayo. Uso wake ulikuwa umebadilika kweli. "Pole sana dada. Mimi nilidhani ukigawa oda, na uzi unagawanyika nusu kwa nusu. Kule nilikotoka ilikuwa hivyo."

"Hapa programu inagawa hesabu tu. Uzi haiugawi. Anayeanza ndiye anayechukua."

Siwezi kueleza utamu nilioupata kusema hivyo. Kulikuwa na kitu asichokijua, na mimi nilikijua. Nilikunywa chai yangu taratibu. Ilikuwa na tangawizi nyingi, na ilikuwa nzuri kuliko ya kwetu, na hilo nalo liliniudhi.

Tukakaa na kompyuta yake tukitafuta njia. Yeye alitaka tufume upya nusu yangu yote. Koni za fungu la zamani zilizobaki kwake hazingetosha hiyo yote, labda nusu yake. Nilikuwa nikiangalia rafu ambapo wanapanga sweta kwa saizi, ndogo chini, kubwa juu, ndipo wazo likanijia.

"Tulikosea kugawa katikati ya kila saizi," nikasema. "Tugawe kwa saizi. Ndogo zote ziwe za uzi wako, kubwa zote za uzi wangu. Kidato cha kwanza na cha pili wavae hizi, cha tatu na cha nne wavae zile. Paredi kila darasa husimama kivyake. Nani ataona?"

Alinitazama, kisha akapiga meza kwa kiganja. "Wallahi umemaliza!"

Palepale akampigia Mama simu, akaweka spika. Nilidhani sasa atalifanya wazo liwe lake, na kwa kweli nilitamani alifanye, nipate sababu ya kumchukia vizuri. Hakufanya. "Mama, dada wa Kitale amepata dawa. Ni yeye, si mimi." Akaeleza yote, tangu mwanzo, bila kuruka.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza yeye, "Na wewe umeonaje?"

"Mimi naona iko sawa kabisa, Mama."

"Basi kama wewe umeona iko sawa, fanyeni."

Nikavuta sufi iliyonasa kwenye mkono wa blauzi yangu. Ilikuwa uzi mdogo tu, lakini nilikawia nayo.

Mwalimu mkuu alikubali. Tulifuma upya zilizopungua kila upande, za ziada zikawekwa stoo kungojea wanafunzi wapya. Siku ya kufungua muhula nilienda kuangalia paredi, na ni kweli, hakuna aliyeona. Wazazi walisifu sweta. Nilisimama nyuma karibu na tangi la maji, nikifurahi, na nikiwaza kama Mama ameshapiga picha amtumie wa Bungoma.

Baada ya hapo Mama aliamua oda zote zinazohusu karakana mbili zigawiwe na mtu mmoja, ili uzi usigombaniwe tena. Alimchagua yule wa Bungoma. Alikuja kuniambia mwenyewe, akaketi safari hii, akanishika mkono. "Wewe una kazi nyingi hapa, sitaki uchoke," akasema. Nikasema asante Mama. Nilipomtengenezea chai nilisahau sukari, na akainywa hivyo hivyo.

Sasa nikifungua kompyuta asubuhi nakuta oda imeshagawanywa, kipande changu kinaningoja chini ya mama yake, saizi kubwa, fungu la uzi limeandikwa sawasawa. Hakosei. Nimetafuta kosa, sitasema uongo. Wakati mwingine ananipigia kabla sijamaliza kusoma.

"Dada, umeiona? Nimekupa siku mbili za ziada, najua ile mashine yako ya pembeni inasumbua."

Nasikiliza sauti yake, natafuta mahali anaponidharau. Sipapati. Namwambia nimeiona, namuuliza habari za watoto wake, naye ananiuliza za wangu. Kisha nakata simu, nakaa kidogo mikono ikiwa juu ya meza, halafu natoka kuwaambia mafundi waanze.